Kibao Changu Kwenye Swichi

3 Februari

Binti yangu,

Pokea marahaba ya mapema, maana najua ungeanza na shikamoo. Mimi mzima, ila goti la kushoto linatabiri mvua tangu Jumatatu na mvua haijaja. Limeanza uongo uzeeni. Wewe je? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakidanganya kwa chai?

Chama chetu cha useremala kimepata kazi ya maana. Shule ya jirani imeomba rafu sita za vitabu, na mbili nimepewa mimi. Mwenyekiti akasema, "Mwanamke ni mmoja tu chamani, tumpe zile za chini zisizoonekana." Nikamwambia za chini ndizo zinazobeba uzito. Akaguna. Tumempa jina la Mzee Msasa kwa sababu kila akikugusa anakukwaruza.

Utaratibu aliouanzisha marehemu baba yako bado tunaufuata. Kila mwanachama ana kibao chake cha mti chenye alama, kimetundikwa msumarini ukutani. Ukifungua kitu chochote kwenye mashine, unatundika kibao chako kwenye swichi, na hakuna atakayeiwasha mpaka wewe uitengeneze na ukiondoe. Changu nimekichonga samaki. Wote wanasema ni kiatu.

Fundi Cherehani, mshonaji tuliye naye chamani, ananishonea gauni la siku ya kukabidhi rafu. Yeye anajitengenezea meza ya kukatia vitambaa. Kwenye mbao ana pupa, lakini kwenye nguo hana mpinzani.

Mama yako


15 Februari

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, na sifa zote apewe chai. Kiwandani wamenihamishia zamu ya asubuhi, kwa hiyo naamka kabla ya majogoo, nikiwa sina hakika kama mimi ni mtu.

Kuhusu samaki, nimeona michoro yako tangu utotoni. Nami naungana na wanaosema kiatu.

Gauni ni la rangi gani? Mwambie Fundi Cherehani asikubane kiunoni, maana siku hiyo utakula. Na ukimaliza mifereji ya kupachikia mbao za rafu, niandikie ilivyokwenda. Baba alikuwa akisema mfereji ndio mtihani wa seremala.

Binti yako


2 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Hapana, si sote.

Jumamosi iliyopita Fundi Cherehani alikatwa na msumeno wa meza. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda, cha shahada na cha kati. Ile kinga ya chuma inayofunika meno ya msumeno ilikutwa sakafuni. Wanasema aliifungua mwenyewe kwa pupa zake. Mzee Msasa amemsimamisha. Mwenyewe anasema hakumbuki kuifungua, lakini anakiri huenda aliifungua.

Rafu zangu zimekwisha. Mvua imenyesha.

Mama yako


12 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne. Masikini Fundi Cherehani! Mshonaji bila kidole cha shahada atashika nini?

Lakini Mama, kuna jingine. Hukuniuliza hali. Tangu nihame hujawahi kuniandikia bila kuniuliza hali. Na rafu "zimekwisha", basi? Wewe uliyeniandikia kurasa tatu kuhusu kigoda kimoja? Sikuanza kukusoma leo wala jana. Niambie.

Binti yako


24 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Umeuliza kama askari, nami nitajibu kama mshtakiwa.

Kinga niliifungua mimi. Huwezi kuchimba mifereji kwenye ule msumeno bila kuitoa. Nikatundika kibao changu kwenye swichi, kama inavyotakiwa. Nikachimba mifereji yote minane, imenyooka, nikatamani baba yako angeiona. Nikanawa mikono. Wakati wa kuondoka nilipita kwenye swichi, nikachukua kibao, nikakirudisha msumarini, kama ninavyofanya kila Jumamosi. Kinga nikaiacha sakafuni. Miaka sita mkono wangu umezoea kile kibao hadi umesahau kazi yake.

Fundi Cherehani alifika baada yangu. Aliona swichi haina kitu. Kwetu, swichi isiyo na kibao maana yake mashine iko salama. Aliamini, akawasha.

Hakuna anayenishuku. Wanajua nilikuwa na mifereji ya kuchimba, lakini kibao changu walikikuta ukutani, kwa hiyo nilikuwa nimeiacha mashine sawa. Ndivyo tunavyohesabu.

Nikisema, Mzee Msasa atasema alijua tangu mwanzo, mwanamke na mashine wapi na wapi. Nafasi niliyoipigania itakwenda. Nisiposema, mtu anabebeshwa kosa langu, tena kwa mkono nilioukata mimi. Naona aibu, mwanangu. Nasikia aibu hata nikiwa peke yangu jikoni. Niambie nifanye nini. Au acha, niambie tu kwamba hunichukii.

Mama yako


3 Aprili

Mama,

Sikuchukii. Shikamoo, na sikuchukii.

Nyamaza. Maji yakimwagika hayazoleki, na vidole havitarudi kwa maneno yako. Unakumbuka mwaka aliofariki Baba? Hukufungua pazia miezi minne. Ile karakana ndiyo iliyokutoa kitandani. Wakikufukuza, mimi niko huku mbali, nani atakuja kukufungulia pazia?

Mpelekee matunda, msaidie kwa lolote. Lakini nyamaza. Nakuomba kama mtoto wako.

Binti yako


11 Mei

Mama,

Shikamoo. Wiki tano sasa. Jirani ananiambia anakuona ukianika nguo, kwa hiyo najua uko hai.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Nilikuambia uwanyamazie wao, sikukuambia uninyamazie mimi.

Binti yako


28 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Goti limetulia, mengine bado. Wewe hujambo? Zamu ya asubuhi umeizoea? Unaona, leo nimeuliza.

Nilikutii. Jumamosi baada ya Jumamosi nilipiga randa bila kusema na mtu. Siku ya kukabidhi rafu nilivaa gauni la zamani, nikapigiwa makofi, nikatamani ardhi ipasuke. Nilimpelekea Fundi Cherehani matunda. Alinishukuru.

Halafu akaja nyumbani na mfuko. Ndani mlikuwa na gauni langu. Amelimalizia kwa mkono wa kushoto, na upindo umepanda na kushuka kama barabara mbovu.

"Samahani, dada, nimekuchelewesha," akasema. Mwanangu, aliniomba radhi mimi! "Na huo upindo unisamehe. Huu mkono wa kulia siuamini tena. Kama ulifungua kinga na mimi mwenyewe sikumbuki, nikiushikisha mkasi utafanya nini?"

Nikajua siwezi tena.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa kuamua kama afutwe kabisa, naye aliitwa. Nilikwenda nimelivaa gauni lile alilonishonea. Nilitoa kibao changu msumarini, nikakiweka mezani, nikayasema yote kama nilivyokuandikia. Nilimsubiri Mzee Msasa aseme neno lake kuhusu wanawake, angalau nipate wa kumkasirikia. Hakusema. Alisema tu, "Shemeji, tumemsema huyu mtu miezi mitatu."

Fundi Cherehani aliinuka. Aliutazama mkono wake kwa muda mrefu, akaugeuza, kisha akaniambia, "Hilo gauni nirudishie." Akatoka.

Mimi nimesimamishwa mwaka mzima. Yeye amerudishwa, ila hajakanyaga karakana. Gauni nililifua, nikalipiga pasi, nikampelekea dukani. Alilipokea bila kunitazama. Nililia njia nzima, mchana kweupe, na watu wakinipisha.

Usinune kwamba sikukusikiliza. Ulinihurumia mimi ukamsahau yeye, na ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Pazia nalifungua mwenyewe kila asubuhi. Si rahisi, lakini nalifungua.

Jana nilipita mbele ya duka lake. Sikukusudia. Haya, nilikusudia. Gauni langu lilikuwa mezani, upindo wote umefumuliwa, naye ameushika mkasi kwa mkono wa kulia, kwa vidole vile vitatu, anakata nyuzi moja moja. Nilisimama mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Bado," akasema. "Njoo Alhamisi."

Mama yako