Barabara Ilifunguka Jumatano

Mama,

Barabara ya Ahero ilifunguka Jumatano asubuhi. Mimi nilikuambia imefunguka Jumamosi. Siku hizo tatu nimezificha miaka kumi na mitatu. Nilikuficha wewe mpaka ukaingia kaburini, na bado namficha binti yako Atieno, ambaye sasa hivi yuko jikoni ananichemshia maji ya kuniosha miguu.

Miguu imevimba tena. Daktari anasema moyo umechoka, na mtu aliyefundisha hesabu anajua daktari anapoacha kutaja miezi maana yake ni nini. Nikilala bila mito mitatu mgongoni nahisi kama ninazama. Mvua ya masika imeanza juzi, na kila inapopiga bati kifua kinabana. Miaka thelathini niliwaeleza watoto wa shule jinsi mto unavyofurika na jinsi unavyorudi kwenye kingo zake, na leo naogopa mvua kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini kukutana nawe ndiko kunakonitisha zaidi. Sijui huko uliko kama mkwe anaruhusiwa kumtazama mkwe machoni, au itabidi nisimame kwanza mlangoni nikohoe.

Nisingekuandikia kama si neno alilosema Atieno wiki iliyopita. Alikuwa amepiga magoti ananikausha vidole, akasema bila kuinua uso: "Mimi ndiye niliyemuua Baba. Nilitaka Mama akae, akakaa, chira ikamkuta Baba." Alilisema kama mtu anayesema chumvi imeisha. Mimi nilidhani mambo hayo ya chira, laana ya mwiko uliovunjwa, aliyaacha zamani. Anaimba kwaya, anaongoza maombi ya akina mama. Kumbe miaka yote hii, kila mtoto akipata homa, yeye anahesabu usiku ambao mama yake alilala hapa kwetu Manyatta, Kisumu. Nilitaka kumjibu. Nikasema maji yamepoa.

Unaikumbuka wiki ile? Mimi naikumbuka kuliko wiki ya harusi yangu.

Ulikuja Jumatatu na basi la asubuhi kumwona mjukuu mpya. Kikapu chako kilikuwa na unga wa wimbi, ndimu, na kuku aliyefungwa miguu ambaye alikuwa amelichafua basi zima, ukasema kondakta amekutoza nauli yake na wewe umekataa kwa sababu kuku hakukalia kiti. Ulipanga kurudi jioni, maana mama mkwe halali kwenye boma la mkwewe. Saa nane mvua ikashuka. Saa kumi watu wa stendi wakasema mto Nyando umevunja kingo, maji yamepita juu ya barabara, hakuna gari.

Ulikaa kwenye kibaraza umeshika kikapu kitupu. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na kosa hilo lilikuwa la mtu aliyesoma. Nilimwambia jirani yetu, Mama Achieng', akuambie kwamba nyumba ya kupanga si boma. Boma ni pale mwanamume alipowekewa msingi na wazee wake. Hapa Manyatta mimi ni mpangaji tu kama wapangaji wengine, na chumba cha Mama Achieng' ng'ambo ya ua ni chake, si changu. Kwa hiyo ukilala kwake hujalala kwangu. Uliutazama mlango wake ng'ambo ya ua. Kisha ukamjibu, "Kama Mwalimu amesema, amesoma." Ukaweka kikapu chini.

Uliniamini, Mama.

Sasa nikueleze jinsi nyumba yetu ilivyokuwa kabla hujafika, maana Atieno hakutaka ujue. Mtoto aliyemtangulia Akoth, huyo mjukuu uliyekuja kumwona, alituacha akiwa na wiki tatu. Akoth alipozaliwa, Atieno alimpokea kama mtu anayeshikishwa kitu cha mtu mwingine. Aligeukia ukuta. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyotoka. Mimi ndiye niliyekuwa namweka mtoto kifuani pake na kusimama hapo kuhakikisha ananyonya. Akoth alikuwa na siku kumi. Nilikuwa nikizihesabu, nikiogopa wiki ya tatu, na nilikuwa sijui namwogopea nani zaidi, mtoto au mama yake.

Wewe uliingia ukamtazama mara moja tu, ukasema, "Unamlilia mtoto aliye hai? Huyu akisikia atafikiria nini?" Ukaenda kukoroga uji.

Na kwa sababu wewe na mimi hatukupaswa kukaa chumba kimoja, wala kula tukionana, siku zile nilikuwa mwanamume asiye na nyumba. Shule zilikuwa zimefungwa. Ukitaka kuingia kwa Atieno, Mama Achieng' alikohoa, nami nikatoka na mwavuli wangu wenye mbavu mbili zilizovunjika. Nilitembea kutoka kibaraza cha duka mpaka kanisani, kutoka kanisani mpaka dukani. Mama Achieng' aliuza samaki wa kukaanga na hakuwa na haya. Alinipigia kelele mbele ya wateja: "Mwalimu, wewe ni mkwe au ni bata?" Nawe kutoka ndani ukamtuma aniambie, "Akipata mafua mimi simuuguzi, ni mwiko." Nikasikia mtu anacheka pamoja nanyi. Sikumtambua mara moja. Alikuwa Atieno.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jioni ile alikula omena na ugali, akafuta sahani kwa kidole.

Jumatano asubuhi nilipoamka alikuwa ameketi kitandani, Akoth yuko kifuani, hakuna aliyemweka. Alikuwa anamwambia kitu kwa sauti ndogo. Nilisimama pale mlangoni nikaogopa kupumua.

Kisha nikachukua mwavuli nikaenda stendi kuulizia barabara, kama nilivyofanya kila siku. Maji yalikuwa yamepungua usiku. Lori la kwanza la mchele lilikuwa limeingia kutoka Ahero, matope mpaka kwenye taa, na watu walikuwa wanalizunguka kulishangilia. Basi lenu lilikuwa linapakia abiria. Ningerudi mbio ungewahi.

Nilirudi polepole. Njia nzima niliona uso wa Atieno ukigeukia ukuta tena. Nilipofika uani Mama Achieng' aliuliza, "Habari ya barabara?" Nikasema, "Mwambie Mama, bado." Nikasikia ukiuliza kutoka ndani, "Bado kabisa?" Nikajibu mwenyewe, kwa sauti, ingawa haikuwa adabu nikujibu moja kwa moja: "Bado kabisa, Mama."

Sikuwahi kukudanganya kabla ya hapo. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Alhamisi. Kama ningepewa siku moja ya kurudia maishani ningechagua hiyo, na ndiyo inayonitia woga kuliko zote. Mvua ilikatika alasiri, jua likatoka, na Adhiambo wetu mkubwa akaona kumbikumbi wanachungulia kwenye kichuguu nyuma ya ua. Ukatoka mbio na miaka yako yote. Ukaagiza vijiti, debe, na blanketi langu la kitandani, lile la kijivu. Ukawafundisha watoto kupiga debe taratibu, halafu haraka, kama matone. "Wanadhani ni mvua," ukasema, "wajinga hawa. Tuwadanganye vizuri." Blanketi lilikuwa linaanguka, na hapakuwa na mtu mzima mwingine, kwa hiyo nikashika upande mmoja nikiwa nimegeuza uso kwenye ua wa mikaratusi, nawe ukashika upande wa pili ukiwa umenipa mgongo. Ndivyo tulivyosimama, mkwe na mkwe, blanketi moja katikati yetu. Ukawaambia watoto: "Mwambieni babenu avute upande wake. Blanketi si daftari, halitaki kushikwa kwa vidole viwili." Atieno alikuwa kwenye kizingiti na mtoto mkononi, akacheka mpaka akaketi chini.

Tuliwakaanga kwa chumvi bila mafuta. Mlikula chumba kimoja, mimi kingine, na ukuta ni wa bati. Kila mzaha wako niliusikia. Uliwaambia kwamba siku babu yao alipokuja kukuposa alikalia mzinga wa nyuki akidhani ni kigoda, na kwamba tangu siku hiyo hakuketi kabla hajakuuliza. Watoto walitaka urudie, ukarudia. Kumbikumbi walikuwa watamu. Sahani yangu ilipoa. Kila gari lililopita barabarani nilidhani linasimama kwetu, kwamba mtu atashuka aseme, mbona huyu mama bado yuko hapa? 

Ijumaa ulisuka nywele za Adhiambo, ukamkanda Akoth kwa mafuta, ukamwonyesha Atieno jinsi ya kumfunga mgongoni asilale shingo upande. Mchana ukauliza mara mbili habari ya barabara. Mara ya pili hukuuliza kwa mzaha. Ulisema, "Mzee wangu kule nyumbani hajui kujipikia hata chai." Nikaenda stendi, nikasimama nikitazama mabasi yakitoka, nikarudi nikasema labda kesho.

Jumamosi nilikosa nguvu ya kuendelea. Nilikupandisha basi mimi mwenyewe. Ulipanda bila kugeuka, kama inavyopasa, lakini dirishani ulimwambia Mama Achieng' aliyekuja kukusindikiza, "Mwambie Mwalimu nyumba yake ni njema." Ulifika kwako saa sita ukakuta watu wamejaa uani. Mzee alikuwa amefariki Ijumaa alfajiri.

Nilikuja Jumapili. Atieno alibaki na mtoto mchanga hadi siku ya kuzika, kwa hiyo hakuyaona haya, lakini mimi niliyaona. Ndugu za Mzee walikuwa wameketi kwenye viti, wewe umeketi chini. Mkubwa wao akasema nyumba ya kupanga ina mlango, na mlango ni wa mkweo, na aliyelala siku tano kwa mkwewe ameleta kifo nyumbani kwa mikono yake. Kisha akasema, "Na tulikuita. Ukachagua vitoweo vya mjini." Ukainua kichwa ukasema, "Sikuitwa." Mdogo wake akacheka, "Uongo wa mtu aliyeshiba." Hukulisema tena neno lile. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na kofia mkononi. Mwalimu, mtu ambaye wangemsikiliza. Nikaizungusha kofia.

Hukukanyaga Kisumu tena. Atieno alipopasuliwa tumbo hukuja, ulituma unga. Akoth ameanza sekondari bila kukuona hata siku moja nyumbani kwake, na kila tulipokuja kwako ulimtazama kama mtu anayetazama moto uliowahi kumchoma. Ulikufa wakikuita hivyo: mwanamke aliyeitwa akakataa. Nilishika kamba moja ya jeneza lako, nikakushusha pamoja nao.

Ameingia na maji, ametoka.  Aliuliza tu naandika nini, nikasema barua. Akasema nisijichoshe. Mikono yake ina harufu ya sabuni ya kipande. Naogopa, Mama, kwamba akiisoma karatasi hii hataniosha tena. Kwamba atageukia ukuta asinitazame, na atakuwa na haki. Kwamba nitakufa nikiwa nimetunzwa na mtu anayenichukia. Nimekuwa nikitafuta namna ya kumpunguzia yeye mzigo bila kuubeba mimi. Haipo. Nimeitafuta miaka kumi na mitatu.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumapili akirudi kanisani, kabla hajavua kitambaa cha kwaya, nitampa hizi karatasi nikae hapo anaposoma. Nitamwomba aende nazo kwenu Kano, azisome mbele ya ndugu za baba yake waliobaki, kwa sauti, wakiwa wameketi chini. Na kama nitakuwa siwezi tena kusema, nimeandika jina lake juu ya bahasha, na nimemwambia Adhiambo ilipo.

Kwaheri, Mama. Ulale salama kuliko nitakavyolala mimi. Ningeishia hapa Atieno angeamini kwamba nilificha barabara tu, kwamba nilitaka aendelee kucheka na mambo mengine sikuyajua. Angenisamehe kwa hilo. Ndiyo maana siwezi kuishia hapa.

Dereva wa lile lori la mchele alikuwa ananitafuta. Aliuliza watu stendi, nani Mwalimu wa Manyatta, mkwe wa Mzee, wakamwonyesha mimi. Alikuwa mgeni, mtu wa Kericho, hakuwahi kupita tena kuulizwa. Alinishika mkono akanipa maneno kama alivyopewa: "Mzee anapumua kwa shida. Amekataa uji wa kila mtu. Anasema, mwambieni Nyar Uyoma aje leo." Hivyo ndivyo Mzee peke yake alivyokuita, binti wa Uyoma, kwa hiyo nilijua maneno ni yake.

Nilimjibu, "Nitamwambia." Nikarudi nyumbani nikasema bado.