Alama Ndani ya Mfuniko

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye meza ileile ya kazi unayoijua, upande wa dirishani. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba lile goti ulilolilalamikia mwaka jana sasa linakuruhusu kupanda ngazi. Shemeji hajambo? Na wanao, ambao nawajua kwa picha tu? Sisi huku hatujambo. Baba ametimiza themanini na tatu, anasikia anachotaka kusikia, na bado anashuka dukani kila asubuhi kufungua saa nilizokwisha kuzitengeneza, ahakikishe nimekwaruza alama yangu na tarehe ndani ya mfuniko, kama alivyotufundisha: anayefungua kitu aache alama yake, kama yeye alivyoacha lile duara lake lenye nukta. Mama watoto anakusalimu sana, ingawa wiki mbili zilizopita alikuwa hasalimiani hata na mimi. Sababu utaisoma.

Najua utashangaa kuona barua ndefu. Umezoea mistari yangu mitano ya kila mwaka, tena ya kujiumauma. Mwezi huu nimekupigia simu mara tatu, na kila uliposema haloo nilikata. Ndiyo, nilikuwa mimi. Kalamu haioni haya kama ulimi, basi nivumilie.

Kisa kilianza na mtu tunayemwita Bwana Masikio. Ni fundi bomba mstaafu, ambaye badala ya kupumzika amejinunulia mashine ya kutafutia vyuma ardhini: fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, na vipokea sauti vikubwa vinavyomfunika masikio, ndiyo asili ya jina lake. Kutwa anazunguka kwenye bustani ya umma iliyo mbele ya duka letu, akipitisha sahani yake juu ya nyasi polepole. Ikilia, anapiga magoti na kuchimba kwa kijembe kidogo. Anatafuta sarafu za zamani. Bustani inampa zaidi vizibo vya soda na pini za nywele, ila mara mojamoja hutoka sarafu kongwe iliyoota kutu ya kijani, naye huniletea nimsafishie, kwa kuwa nina brashi ndogo na lenzi ya jichoni.

Wateja walimcheka. Mimi sikucheka. Mtu mzima aache kivuli cha kwake aje kutambaa kwenye nyasi, tena mbele ya dirisha langu? Nikajiambia hapa kuna namna.

Siku ya kwanza aliniuliza lile benchi la zege karibu na bomba la maji liliwekwa lini. Nikamjibu sijui, na mkono wangu ukadondosha skrubu ambayo hadi leo sijaiona. Mtafuta sarafu anataka nini na umri wa benchi? Siku nyingine akainua macho kwenye rafu ya juu, akaona kigoda chako, ambacho Baba alikipandisha kule siku aliyokufungia mlango kwa kukuona mwizi wa sarafu zake za kale. Akauliza kwa nini mafundi wawili wana vigoda vitatu. Nikasema ni cha wageni, naye papo hapo akaomba akikalie. Baba, aliyekuwa kiziwi asubuhi nzima, akasikia ghafla. Alisema kigoda kile hakikaliwi na mtu.

Kisha ikaja siku ya simu. Bwana Masikio alisimama mlangoni kwangu akiongea, nami nikatega sikio. Alisema bado hajapata, lakini yuko karibu kabisa, na leo harudi mikono mitupu. Nilijua anayeongea naye ni nani. Ni wewe. Nilikuwa na hakika umemtuma. Miaka thelathini na mmoja hujadai chochote, hujamtukana mtu. Nikasema kumbe ndiyo maana wakasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikatoa barua zako zote kwenye droo na kuzisoma upya kama polisi. Mwaka jana uliuliza kama miti ya bustani bado ipo. Mwaka juzi uliuliza kama watu bado wanakaa pale kwenye benchi. Mimi nilidhani ni salamu za mtu aliyekumbuka kwao. Sasa niliona ni upelelezi mtupu.

Nikaacha kula mchana. Kila adhuhuri nilifunga duka nikajibanza nyuma ya mti nimwangalie amefika wapi. Muuza magazeti akamdokeza mama watoto kwamba mumewe anaonekana bustanini akichungulia, naye akapiga hesabu zake akapata mwanamke. Akanifuata. Alinikuta nimechuchumaa katikati ya maua, nimemkazia macho mzee wa miaka sabini. Aliniambia afadhali angekuwa mwanamke, hilo angelielewa.

Jumanne iliyopita nilikuwa mezani, saa ya mteja iko wazi mbele yangu, nikasikia mashine ikilia pale kwenye benchi. Ililia mfululizo. Nilitoka mbio, lenzi bado iko jichoni, karibu nigongwe na baiskeli. Nilimwambia Bwana Masikio hiyo ni nondo ya zege, asijisumbue, atavunja kijembe chake. Alinijibu kwa upole kwamba nondo ina mlio wake na huu si wake, akaendelea. Nilimkamata mkono. Alinitazama kwa mshangao, akauliza kama naumwa. Nikamwuliza nani amemtuma, na waliongea nini kwenye simu. Masikini, akafikiri kidogo, akakumbuka: mkewe alikuwa amemtuma vitunguu, akazunguka maduka matatu.

Akamalizia kuchimba, akatoa kopo la alumini, lile la Baba la kutilia vipuri vya saa. Alipoona uso wangu hakulifungua. Alinipa, akasema yeye ndiye aliyechimba lakini mimi ndiye ninayehema, basi bila shaka ni langu.

Ni langu, Kaka. Sasa nimefika mahali ambapo nilikuwa nakata simu.

Mimi ndiye niliyechukua sarafu za Baba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikazipeleka shuleni nikajitapa, nikapoteza moja. Niliporudi nikakuta Baba ameshageuza nyumba juu chini. Nikaogopa. Nilizifunga kwa karatasi ya daftari langu, nikazitia koponi, nikalifukia kopo karibu na bomba la bustani, nikitumaini hasira ikipoa nitazirudisha. Hasira haikupoa, ikakuangukia wewe, kwa sababu wiki ile ulikuwa umesema unataka kufungua duka lako. Baba akakupa siku tatu uzirudishe. Nilikaa mezani siku zote tatu nikila, nikakusikiliza ukiapa, nikanyamaza. Asubuhi uliyoondoka ulipita na mizigo yako mbele ya mafundi wakimwaga zege la benchi ubavuni pale pale. Tangu siku hiyo nimekula chakula changu cha mchana juu ya benchi lile, nikilinda kitu nilichotamani kisiwepo.

Nililifungua kopo chumbani, peke yangu. Sarafu zilikuwemo, na karatasi yangu yenye ukungu, jina langu likisomeka pembeni. Halafu nikageuza mfuniko.

Unajua nilichokiona. Mistari mitatu kama mguu wa kuku, na tarehe chini yake. Tarehe ya siku ya pili kati ya zile tatu.

Ulilipata. Uliona karatasi, ukajua ni nani. Ungeliweka mezani kwa Baba jioni ile, na mwenye kulala nje angekuwa mimi. Wewe ukakwaruza alama yako kama fundi aliyelelewa vizuri, ukafunga, ukarudisha udongo, ukaenda kufunga mizigo yako. Na kila mwaka ukaniuliza habari za miti na benchi, ukinifungulia mlango niseme, nami nikakuona mpelelezi. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilipekua nguo za watu wote isipokuwa zangu.

Nimelia, Kaka. Mama watoto alinikuta nalia, na safari hii hakuuliza ni mwanamke gani.

Alhamisi nikamwekea Baba kopo mezani, nikamweleza yote, bila kuruka hata siku moja. Nilitaka anipige. Aliweka lenzi jichoni, akautazama mfuniko mpaka chai yake ikapoa, akasema tu kwamba mkono wako ulikuwa umenyooka kuliko wake. Siku mbili hakushuka dukani. Leo ameshuka, akaniamuru niteremshe kigoda. Nimekifuta vumbi. Mguu mmoja umelegea.

Sikuombi useme yameisha, kwa kuwa hayajaisha, na si mimi wa kuyamaliza. Nakuomba uje. Duka lilikuwa liwe lako kabla halijawa langu, na ufunguo wake nimekutolea kwenye shada langu la funguo. Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, waambie wana baba mdogo mwoga anayetaka kuwaona. Bwana Masikio naye anakusalimu, ingawa bado hajaelewa ulimtuma lini.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuponza.

Nilimsomea Baba barua hii yote kabla ya kuifunga. Nilimwuliza kama ana neno la kukwambia, akasema hana, kisha akaomba kalamu. Hilo duara lenye nukta hapo chini, lililopinda kwa uzee wa mkono, si doa la wino. Tarehe ni ya leo.