Nani Alisaini Boksi Langu?

Jumanne, 15 Oktoba 2013

Boksi langu la vitabu halijafika. Nimepiga simu Winnipeg tena. Kijana wa duka la vitabu anasema limefika – tangu tarehe mbili! Na limesainiwa. Na nani? Kwenye nakala yake saini haisomeki, anasema. Saini isiyosomeka, hapa, ambapo watu mia sita tunajuana hadi miandiko. Haya.

Nikaenda posta. Karani ni binamu yangu Marlys. Mfagiaji ni yeye, redio ya kijiji ni yeye. Akasema hajaona boksi lolote. Nilipomuuliza mara ya pili alianza kupanga stempu zilizokwisha kupangwa.

Mtihani wa kuingia chuo ni Jumamosi, tarehe 9 Novemba, huko Winnipeg. Biolojia, kemia, kutambua maumbo – na kuchonga sabuni. Ndiyo, sabuni! Kisu, rula, nusu saa, ili waone mikono yako. Bila vile vitabu nitachonga hewa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wagonjwa wanane kliniki. Kawaida ni watatu. Kuna nini?

Mimi ni mtabibu wa meno tu: naziba, nang'oa, nafundisha watoto kupiga mswaki. Makubwa humsubiri daktari anayeshuka na ndege kila wiki sita, hali ya hewa ikikubali. Mzee Ezra Monias amelificha gego lake bovu miaka minne kama mali ya wizi. Leo kaja mwenyewe, kaachama.

"Ling'oe. Nasikia unatuhama."

Nani kakwambia?

"Upepo."

Upepo! Nimewaambia watu wawili tu kwamba naomba chuo cha udaktari wa meno: Mama na Marlys. Mama si msemaji. Basi, hesabu ni rahisi.

Sikumwambia mzee kwamba nitarudi. Wote walioondoka hapa walisema watarudi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimenunua sabuni kumi na mbili dukani. Muuzaji kaniangalia. "Loretta, unaosha nani? Kijiji kizima?" Nikasema niko na mambo yangu. Sasa hilo nalo litazunguka.

Tatu za kwanza zimevunjika. Ya nne ilitoka kama kiatu. Mama alikuwa jikoni anageuza mkate kwenye kikaango. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama mikono. Siyo uso. Mikono.

Jumatano, 23 Oktoba

Posta tena. Marlys ana daftari la vifurushi, kila anayechukua anasaini. Nikasema nilione. Akaliwekea kiwiko. "Mwisho wa mwezi linakwenda ofisi kuu." Leo si mwisho wa mwezi. Kiwiko chake hakijui kusema uongo.

Kwa nini anizuie? Wivu? Mwanawe ana matundu sita mdomoni, labda anaogopa nani atayaziba. Au katumwa na baraza la kijiji, nisiondoke. Simwamini mtu. Nimeanza hata kufunga mlango wa kliniki ninapokunywa chai.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Baada ya ibada nilimfuata Marlys hadi kwake. Nikamwambia nimeshaandika barua ya malalamiko kwa posta kuu. (Sijaandika.) Akakaa kitako kwenye ngazi, na koti lake la kanisani, akaanza kulia.

"Umenishuku mimi siku zote hizi, Lo? Mimi?"

Nani mwingine?

Akaingia ndani, akatoka na daftari. Alikuwa amelileta nyumbani ili nisilikute. Tarehe 2 Oktoba. Herufi kubwa, zilizosimama mbalimbali kama watu waliogombana: E FLETT. Mama yangu.

"Alinikataza nisikwambie. Ni shangazi yangu, ningefanyaje? Nimpokonye?"

Na Mzee Ezra?

"Huyo nilimwambia mimi," akasema. "Hilo nisamehe."

Nimerudi nyumbani. Tumekula samaki. Mama kauliza kwa nini sili. Nikasema jino. Mimi! Jino! Akacheka kidogo. Nami nikawa nachunguza kicheko chake.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mama alikwenda kwa jirani kushona. Nilikuwa na saa moja. Chini ya kitanda hakuna. Stoo hakuna. Lilikuwa ndani ya ile mashine ya kufulia iliyokufa, chini ya mablanketi.

Limefunguliwa. Vitabu vyote vipo. Sabuni za mazoezi zipo. Nilikuwa tayari kukuta kurasa zimechanwa – nilikaribia kutamani hivyo, ili nipate haki ya kupiga kelele. Badala yake, ndani ya kila jalada, kwa zile herufi zilizogombana: LORETTA ANNE FLETT. MTOTO WA EUNICE. Na jina la ziwa letu. Vitabu saba. Hata kwenye rula.

Sikusikia mlango.

"Huko vitu vinapotea," akasema nyuma yangu. "Watoto pia."

Ana miaka sitini na moja. Alichukuliwa na ndege ya serikali akiwa na sita, kwenda shule ya bweni ya lazima, pamoja na dada yake Agnes. Alirudi peke yake, ana kumi na minne. Tangu hapo hajapanda ndege. Hata mimi alinizaa hapahapa, manesi wakiwa wamemkasirikia kwa kukataa kupelekwa hospitali ya mjini. Haya yote nayajua. Hatuyasemi.

Nikamwuliza: ulitaka nisiende?

"Nilitaka nifikirie kwanza."

Wiki nne, Mama!

"Wewe ulifikiria miaka sita," akasema, akaenda kuweka birika.

Ni kweli, masomo yote kwa posta, miaka sita. Lakini sijui bado kama alikuwa ananizuia au ananiandaa. Pengine hata yeye hajui. Nimevichukua vitabu. Siku kumi na mbili.

Jumamosi, 2 Novemba

Kemia. Kemia. Sabuni ya ishirini na moja – pembe zimekaa! Dakika ishirini na nane.

Mama anaficha kitu. Leo alizima simu nilipoingia. Na kanipigia pasi blauzi mbili. Mtihani ni wa siku moja.

Alhamisi, 7 Novemba

Naandika uwanja wa ndege, kwenye benchi. Ndege inasikika lakini haionekani, mawingu yako chini.

Mama kasema ananisindikiza tu. Kavaa lile koti zuri. Ana mfuko. Nimemwuliza kuna nini ndani, akasema "samaki wa moshi, wa njiani." Samaki wa moshi hawana mikono ya sweta inayoning'inia nje.

Marlys naye kaja, hanitazami, anaangalia barafu ukingoni mwa ziwa. Hawa wawili wamepanga jambo.

Clarence, wakala wa ndege, anapima abiria mmoja mmoja, maana ndege ni ndogo. Nimepimwa mimi, na begi langu. Akaita, "Mwingine?" Ndege imetoka mawinguni. Mama kaiangalia hadi imegusa ardhi, kashika mfuko kwa mikono miwili. Nikataka kumwambia arudi nyumbani, jiko linawaka.

Kasimama. Kapanda kwenye mizani.

"Shangazi Eunice," Clarence kasema polepole, "unasafiri, au unasindikiza?"

"Pima kwanza," Mama kasema.