Kitwitwi wa Baba Mkwe

Bi Ruthi, shikamoo. Nakuandikia nimechoka, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana jambo langu ni la ndege lakini limeninyima usingizi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nimeolewa hapa Raskazone, Tanga, na nimo katika kundi la WhatsApp la wapenda ndege, ambako nilijiponza kwa kuonyesha kwamba najua, kwani tangu hapo kila mtu ananitumia picha mimi, picha zilizotikisika, zilizopigwa kuelekea jua, ndege ni doa na nyuma yake mikoko, na swali ni lilelile, mwalimu, huyu nani, na vitwitwi wa pwani unawajua, mgongo kijivu, tumbo jeupe, wote sare moja, hata ukisimama nao wanakuchosha, sembuse kwenye simu. Baba mkwe wangu naye akajiunga. Tangu mama mkwe afariki alikuwa mtu wa kukaa barazani tu, chakula hali vizuri, hasemi, mpaka mume wangu Suleimani alipompa kamera, na wallahi yule mzee alifufuka, maji yakikupwa tu yuko kwenye matope kakunja suruali. Sasa juzi akatuma kundini picha ya kitwitwi mwenye mdomo uliobapa nchani, akaandika kwamba huyu ni yule kitwitwi wa Asia mwenye mdomo wa kijiko, ambaye duniani wamebaki wachache mno. Nikaikuza picha, nikaona ni tope, Bi Ruthi, bonge la tope limemganda mdomoni, ndege mwenyewe ni wa kila siku. Lakini yule ni baba mkwe wangu, na kundini wamo mawifi na mashemeji, na kwetu mkwe hambishii mzee mbele za watu, basi nikaandika "Hongera sana baba", na watu walipoona mwalimu kapongeza wakajua limethibitika.

Jumamosi wanakuja wageni kumwona huyo ndege, wengine kutoka Arusha, wengine Mombasa wanapitia mpakani Horohoro, na baba kashawatangazia wenzake msikitini, kashona na kanzu mpya. Nikamweleza Suleimani, akanijibu, "Usinitilie fitina na baba, ndege si ndege tu?" Nikisema namvunja mzee, nikinyamaza anakuja kuvunjwa na wageni. Nifanye nini?

Mkwe, Raskazone

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho na sikucheka, ila pale kwenye tope. Pole. Nawe nipe pole, kwa sababu haya makundi ya simu yamenichosha kuliko wanaume wote wa Tanga walionipitia katika ukurasa huu.

Adabu uliyofunzwa ni kutokumbishia mzee mbele za watu. Nani alikukataza kumfuata faraghani jioni ileile? Hapo hukuwa na adabu, ulikuwa na woga, na woga wako ndio unaowapandisha watu basi kutoka Arusha. Suleimani naye mwache, yeye anataka amani ya kulala mchana.

Nenda leo baada ya alasiri. Usitume mtu, usiandike ujumbe. Msalimie, kaa, mwombe kamera yenyewe. Mtu aliyekutana na ndege wa ajabu hapigi picha moja. Atakuwa nazo tele, na tope halikai mdomoni siku nzima. Zitazameni pamoja na umwache atazame kwa nafasi yake. Asipoona, mwambie kwa ulimi wako: baba, mimi naona tope, nami nilikosa kukupongeza. Kisha kundini andika wewe kwamba mwalimu aliharakisha, na wageni wajue leo leo. Anayetaka kuja kuona vitwitwi wa kawaida, karibu.

Atanuna. Huenda hata salamu yako asiiitikie. Vumilia, mpelekee chakula kama kawaida, na usimbembeleze kwa kurudi nyuma ukasema labda ni kijiko kweli.

Unaogopa kumvunja mzee aliyefiwa. Mimi pia nilifiwa na mume. Mwaka mzima watu waliniitikia kila nilichosema. Siku moja nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, wageni wakanywa wakanisifu, nikajua wamenihesabu upande wa marehemu. Aliyenirudisha duniani ni dada yangu Consolata, aliyeonja, akatema, akasema, "We Ruthi, hii chai hainyweki!" Tuligombana vibaya sana, na usiku ule nililala kama mtu.

Baba mkwe wako yu hai. Nenda ukambishie.