Magurudumu Mapya ya Gari Lako

Mwanangu mpenzi,

Nakuletea salamu nyingi kutoka kwetu sote, nikiomba zikukute mzima, unakula, unalala, na kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha. Sisi huku tupo. Bibi yako hajambo, ila masikio yake yanazidi kuchagua: ukimwambia chakula tayari anasikia, ukimwambia ameze dawa hasikii. Anakusalimu na anauliza kama huko wanakuita kwa jina lako au wamekubandika lingine. Dada yako hajambo kwa hali yake. Tumbo limekuwa kubwa, miguu imevimba, anatembea kama bata, lakini mdomo haujapungua makali. Mumewe, shemeji yako, anakusalimu. Bado yuko palepale ghalani, na bado ni yuleyule wa maneno machache, ukimuuliza kazi anasema nzuri, basi, hadi kesho yake. Hata kuku wako wanakusalimu, walikuwa wamepata mahali papya pa kutagia, nitakueleza mbele. Baba yako naye anakusalimu. Alitaka atajwe wa kwanza kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba, lakini nimemweka mwisho kwa sababu habari yake ni ndefu.

Mimi mwenyewe sijambo. Mwandiko wangu utauvumilia, unajua shule niliiacha mapema na mkono huu umezoea mwiko kuliko kalamu. Dada yako alitaka kuniandikia nikakataa.

Barua yako ilifika. Dada yako aliisoma kwa sauti, na baba yako akataka irudiwe pale ulipouliza kuhusu gari. Uliuliza tumefunga tairi saizi gani, na kwa nini shemeji yako ulipomuuliza kwenye simu aliguna tu akampa dada yako simu. Basi ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Zile tairi ulizotuachia zilikuwa zimeisha kweli, kipara kitupu, laini kama kisogo cha baba yako. Kuzibadilisha ilikuwa lazima. Lakini shida haikuwa tairi peke yake, ilikuwa njia. Tangu malori ya mchanga yaanze kupita kwetu, yamechimba mitaro miwili kwa magurudumu yao na kuacha tuta katikati kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Gari lako ni dogo, likipita pale tumbo linakwangua, kwaru, kwaru, mpaka barabara kubwa. Na unajua baba yako na ule mgongo wake. Kila likikwangua, yeye kiti cha nyuma anashika mlango kwa mikono miwili na kufumba macho. Tukifika hospitali huwa amelowa shati kwa jasho.

Ndipo akaamua kwamba hatununui tairi tu, tunalinyanyua gari.

Walikwenda yeye na shemeji yako kwa yule fundi wa tairi wa njia panda, yule tunayemwita Bwana Upepo, kwa kuwa anajaza upepo na maneno yake pia ni upepo. Jioni baba yako alinifundisha namba zote, na mimi nilizishika kuliko nilivyowahi kushika hesabu ya mwalimu yeyote. Tairi zako za zamani zimeandikwa ubavuni 155/80R13. Namba ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili ni kimo cha ubavu wake ukilinganisha na huo upana. Ya mwisho ni ukubwa wa rimu. Bwana Upepo alisema kama tunataka kunyanyua kidogo tuchukue rimu za kumi na nne na tairi za 165/70, tusizidishe hapo. Baba yako akaona kidogo hicho hakitoshi, tuta halitakisikia. Alikuwa ameziona pembeni rimu za kumi na nne zenye tairi za 185/70, zimenona, amezipenda kama mtu aliyeona kitambaa dirishani.

Bwana Upepo akasema hizo zitagusa madigadi. Basi baba yako akatoa mfukoni ile tepu yake ya cherehani. Ndiyo, alikwenda nayo. Kuchuchumaa alishindwa, akaomba akalishwe juu ya tairi bovu, na pale akaanza kulipima gari lako kama anavyopima bwana harusi: likajaribishiwa gurudumu moja kubwa, akapitisha tepu kati ya tairi na bati, juu, mbele, nyuma, akaagiza usukani ukatwe kushoto mpaka mwisho, ukatwe kulia mpaka mwisho, akapima tena. Akasema koti zuri linaachiwa kwapani nafasi ya vidole viwili, hapa kuna vitatu, sasa huyu fundi anaogopa nini. Bwana Upepo akaingiza vidole vyake mwenyewe, akavikuta vitatu, akacheka, akasema siku hiyo amefundishwa kazi na cherehani. Wakazifunga zote nne.

Mwanangu, ungemwona baba yako alivyorudi. Alikaa mbele, dirisha wazi, na gari likapita juu ya tuta kimya, halikugusa hata jani. Majirani walitoka kuangalia. Dada yako akasema gari limevaa viatu vya kaka yake, likianguka tusimwite. Baba yako alicheka hadi akashika ubavu. Siku hiyo alikula na akaomba kuongezewa. Rimu zako za zamani alisema zisitupwe, tukaziweka nyuma ya jiko, na kuku mwekundu akahamia humo na mayai yake siku hiyohiyo, kama alikuwa anasubiri nyumba.

Haikupita muda tukaitwa hospitali. Walikuwa wamemchukua vipimo vile vikubwa, wakasema siku ya majibu aje na watu wake. Hilo neno, watu wake, lilinikaa vibaya. Tukavaa vizuri. Shemeji yako usukani, dada yako mbele kwa ajili ya tumbo, nyuma mimi na bibi yako, na baba yako katikati yetu ameegemea bega langu. Bibi tulimwambia abaki, na hilo nalo hakulisikia.

Hatukufika hata kwa muuza mkaa. Gari liliposhuka mtaroni, nyuma pakalia kama bati linachanwa, na harufu ya mpira kuungua ikajaa ndani. Shemeji yako akasimama, akashuka, akainama. Gari lilikuwa limelala kwa uzito wetu, springi zimebonyea, na tairi zimepanda mpaka kwenye bati la madigadi zinasagwa. Vile vidole vitatu havikuwepo. Akamteremsha bibi yako, ambaye alirudi nyumbani akiongea peke yake njia nzima. Tukajaribu, likalia. Akashuka dada yako. Likalia tena, kidogo, lakini lililia, na moshi ukaonekana. Baba yako akaanza kutafuta kitasa ashuke yeye. Nikamzuia, nikashuka mimi.

Likanyamaza.

Saa ya daktari ilikuwa inapita. Gari jingine halikuwepo. Shemeji yako akanitazama, nikampungia mkono aende. Nilibaki pembeni ya mtaro nimeshika mfuko wa nguo za baba yako na chupa ya maji, naangalia gari lako linaondoka limenyanyuka vizuri, limependeza, na kichwa cha baba yako peke yake kwenye kioo cha nyuma. Ndiyo maana daktari aliposema maneno yake, mimi sikuwepo. Alikuwepo shemeji yako, mtu asiyeongea.

Waliporudi baba yako alisema ni mgongo tu, wamesema apumzike. Shemeji yako akaenda moja kwa moja kuosha gari ambalo halikuwa chafu. Kisha baba yako akaomba apelekwe kwenye tairi ya nyuma. Akapitisha kidole pale ilipolika, halafu akaniambia, "Mama watoto, nimeshona maisha yangu yote, na leo nimepima koti bila mtu ndani." Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi.

Bwana Upepo alisikia, akaja mwenyewe kwa miguu. Hakuwa na upepo siku hiyo. Alisema hata yeye hakuwaza, wote wawili walipima gari tupu, na kwamba tukipenda atatufungia zile za 165/70, zitanyanyua kidogo na kubeba watu bila kugusa. Baba yako akamshukuru, akakataa. Akasema atoe hizi kubwa, arudishe rimu za zamani na tairi mpya za saizi ileile uliyotuachia, gari likae chini kama lilivyozaliwa, likwangue linavyotaka.

Nilishangaa. Mgeni alipoondoka nikamuuliza baba yako atavumiliaje yale matuta. Hapo ndipo alinijibu, mwanangu, na kalamu hii nilikuwa naizungusha kote huko nisifike hapa. Alisema, "Mimi sitapita tena na gari hilo. Siku ya kunisindikiza nitakuwa nimelazwa kwenye gari la kukodi. Nyinyi mtakuwa wengi humo ndani, na sitaki mtu ateremshwe njiani."

Si mgongo. Haikuwa mgongo tangu mwanzo, mgongo ulikuwa unapokea tu maumivu ya kwingine. Shemeji yako nilimbana akaniambia yote akiwa ameshika kofia yake mkononi. Wamesema hakuna cha kukata wala cha kumpa, zaidi ya dawa ya kumtuliza. Wamesema akae nyumbani.

Baba yako amekataza usiambiwe. Anasema hati zako za kusafiria ziko kabatini kwa tajiri wako, mkataba haujaisha, na mtu aliyefungwa miguu hapigiwi kelele za moto. Kwenye simu siwezi, kwa sababu yeye hukaa palepale pembeni na kuchukua sauti ya uzima, hata mimi kwa dakika moja humwamini. Sasa hivi amejilaza ameelekea ukutani. Ameniuliza kama nimefika kwenye namba za tairi, nikamwambia nimeshazipita. Akasema nisisahau kukuandikia 155/80R13, usije ukasema tumekuharibia gari.

Sikuandikii ili uje, baba yangu. Nilishamuuliza shemeji yako, akaulizia ghalani kwa watu waliowahi kufanya kazi huko uliko, wakasema tajiri wa namna hiyo haachii. Nakuandikia kwa sababu nilishaachwa pembeni ya njia mara moja habari ikapita bila mimi, na sitaki nawe ikupite hivyo.

Gari lako lina nafasi tano. Shemeji yako usukani. Dada yako mbele, na mtoto kama atakuwa amefika. Nyuma mimi na bibi yako. Inabaki nafasi moja ya nyuma, upande wa dirisha. Watu wataiomba, unajua siku kama hiyo watu wanavyokuwa wengi. Baba yako anasema mtu asikalishwe hapo, ni ya mwenye gari. Mimi sijui niwajibu nini. Gari ni lako, nakuuliza wewe.

Bibi yako anakusalimu tena, dada yako na mumewe wanakusalimu, na Bwana Upepo ameniomba nimtaje, anasema umsamehe. Kuku tumemhamisha na mayai yake, amekasirika.

Nijibu upesi, tafadhali, hata kwa mstari mmoja. Barua huchelewa na yeye hachelewi. Andika jina langu mimi juu ya bahasha, siyo lake.

Ni mimi,
Mama yako