Sindano Bila Kilio

Jumanne, 4 Machi
Nepi zimeanikwa, mvua ikazilowesha tena. Kliniki na mwanangu Wanjiru, chanjo yake ya kwanza, ile ya kifua kikuu. Naogopa sindano tangu utotoni. Nesi akaniambia nimnyonyeshe kwanza, atamdunga akiwa kwenye titi. Eti maziwa na joto la mama hupunguza uchungu. Nikadhani ananibembeleza mimi. Nikafumba macho. Nilipofumbua, amemaliza. Wanjiru ananyonya tu. Hakulia.
Nesi alikuwa mwepesi mno. Sikupenda.

Jumatano, 5 Machi
Cucu, mama yake mume wangu Kamau, amekuja kumwona mjukuu. Akaugeuzageuza mkono wa mtoto dirishani. Haoni alama ya sindano. Asema Kamau alipodungwa utotoni, mtaa mzima wa Kabiria ulisikia. Mtoto asiyelia hajadungwa.
Nilicheka. Baadaye sikucheka. Mimi niliona nini?

Ijumaa, 7 Machi
Kamau amefunga duka lake la Ngara mapema. Hakuvua hata viatu, akaanza kuniuliza. Kliniki ilikuwa na watu wengi? Nesi ni nani? Tulirudi saa ngapi? Anajua ninavyoogopa sindano.
"Mlifika kweli?"
Nikampa kijitabu cha kliniki. Akasema kuandika ni rahisi.
Mume wangu ananiona mwongo. Nimepika, sikumpakulia.

Jumatatu, 10 Machi
Sasa namshuku nesi. Labda dawa ilikuwa imeisha. Labda aliona nimefumba macho. Nimerudi kumuuliza. Hakukasirika. Alisema kipele kitatokea baada ya majuma kadhaa, nisikikamue, nisikipake kitu. Nikamwambia nyumbani wanasema mtoto hakulia.
"Kwani lazima aumie ndio muamini?"
Bado sikumwamini.

Alhamisi, 27 Machi
Kipele. Chekundu, kidogo, pale pale. Niliketi kitandani nikalia.
Cucu asema ni mbu. Kamau akakitazama sana. Halafu akasema safari ijayo ya kliniki anakuja nasi. Anakuja kunichunga.

Jumanne, 15 Aprili
Sindano mbili leo, za mapaja. Kamau alisimama karibu na mkono wa nesi kama askari. Ya kwanza, Wanjiru akiwa kwenye titi. Safari hii sikufumba macho. Imeingia. Aliachia, akalia kidogo, akarudi kunyonya.
Ya pili, nesi akamwambia baba afungue shati, amshike mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Kamau akaniangalia. Akafungua. Wanjiru alilia, baba akambembeleza, akanyamaza upesi.
"Nimeiona," akasema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.


Jumatano, 16 Aprili
Mtoto ana joto kidogo. Nesi alisema laweza kuja. Ananyonya vizuri.
Kamau hajaenda Ngara. Yuko kwenye kochi, shati wazi, Wanjiru amelala juu yake. Ameniomba msamaha kwa sauti ya chini, asimwamshe. Nimesikia.
Sijamsamehe. Lakini mtoto nimemwachia.