Lori Linalochelewa Kugeuka

4 Machi

Binti yangu,

Habari za huko na za kazi? Sisi hapa tupo. Mama yako ana mafua kidogo, lakini sauti yake ya kunikemea bado inaishinda ya cherehani. Mimi naendelea vizuri. Naandika kwa sababu kwenye simu ulimi wangu ni mzito tangu kile kiharusi, na wewe umeanza kunimalizia maneno, jambo ambalo silipendi. Kwa kidole kimoja naenda polepole, lakini nafika.

Tangu uondoke nafanya mazoezi kila asubuhi kama tulivyokubaliana. Nafunga ule usukani mezani, naweka pedali chini, nafungua gemu kwenye laptopu uliyoniletea na kuendesha lori safari nne. Kila kitu naandika kwenye daftari. Mpaka leo ni safari arobaini na nane, nimegonga mara thelathini na moja. Nakata usukani, lori linageuka baadaye. Nakanyaga breki, linasimama likishapita. Magari ya wengine yanatokea ghafla kama yameruka kutoka hewani.

Unajua nimeendesha tangi la petroli miaka ishirini na sita bila kugonga hata ndoo. Meneja wa usafirishaji anataka jibu mwisho wa mwezi: narudi barabarani au naacha. Daktari alinisomesha herufi za ukutani, nikazisoma mpaka zile za chini kabisa, akasema niupime mwili wangu mwenyewe. Nimejiwekea sharti. Nikipata safari kumi mfululizo bila kugonga, narudi.

Mengine ni ya kawaida. Kioo cha kushoto cha pikapu kimevunjwa na mtu asiyejulikana pale sokoni. Mama yako ananung'unika kwamba naacha chakula nusu sahani, eti wewe ulinidekeza.

Sasa niambie, fundi wangu. Shida ni ya kompyuta au ni yangu?

Baba yako


6 Machi

Shikamoo baba,

Nimefurahi kupata barua yako. Mimi sijambo. Dukani kazi ni nyingi. Leo nimefungua laptopu ya mtu nikakuta mchwa ndani ya feni, na mwenyewe anaapa hajawahi kuiweka chini. Mpe mama pole ya mafua.

Kompyuta yako haina shida. Gemu hizi hutengenezwa ziwe ngumu kusudi mtu asichoke nazo mapema. Usijikaze sana. Miaka ishirini na sita si michache, na hakuna atakayekulaumu ukipumzika.

Mwanao


19 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Huku mvua imeanza na bati la jikoni linavuja mahali pale pale. Mama yako amepona mafua.

Jumapili alikuja Kamanda, dereva mwenzangu, yule mwenye tumbo linalotangulia. Unajua kampuni nzima hakuna anayemshinda kurudisha tangi nyuma. Nikamketisha kwenye usukani. Ndani ya dakika tatu akagonga kibanda cha mlinzi, kisha nguzo, kisha kibanda tena. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, hili lori limelewa." Mama yako akajibu kutoka kwenye cherehani, "Lori halinywi. Tazameni nani ameshika usukani." Kamanda akainua laptopu akachungulia chini yake, kama anatafuta mafuta yanayovuja.

Anashikilia kwamba mashine ndiyo mbovu, nimpelekee fundi wa hapa mtaani. Nikamwambia haiwezekani, binti yangu aliikagua mwenyewe kabla ya kuondoka.

Hata hivyo nakuuliza tena. Zimebaki siku kumi na mbili. Nimefika safari mia moja na nane. Mfululizo bila kugonga sijazidisha tatu.

Baba yako


20 Machi

Shikamoo baba,

Poleni na mvua. Bati hilo mwiteni mtu alizibe, msikinge maji kwa ndoo kila mwaka.

Kamanda hajazoea usukani wa kuchezea, ndiyo maana. Kompyuta niliikagua. Usimpelekee fundi wa mtaani, ataiharibu.

Mwanao


31 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima.

Leo asubuhi nimekwenda kwa meneja. Nimerudisha funguo mbili za tangi, koti la mvua, tochi, kofia ngumu na ile fimbo ya kupimia mafuta. Alinipa fomu, nikatia sahihi mahali pawili. Akaniuliza sababu ya kuandika kwenye fomu, nikamwambia aandike kwamba dereva amejipima na kujiona hafai. Akasema madereva wachache husema hivyo wenyewe. Tangi langu amepewa Kamanda, naye amekuja jioni kuomba radhi, kana kwamba ameniibia.

Nimebaki na pikapu. Nampeleka mama yako sokoni na vitambaa vyake mara mbili kwa wiki. Kwa mwendo ule hata mtoto angeweza.

Asante kwa laptopu. Bila hiyo ningerudi barabarani kwa ubishi tu, nikaua watu.

Baba yako


11 Aprili

Shikamoo baba,

Naomba barua hii ikukute mzima. Nimeianza mara nne na kuifuta. Mwili wangu hauna neno, mengine utayasoma.

Kompyuta ndiyo yenye shida, na shida niliiweka mimi.

Laptopu yako ina kadi mbili za picha. Moja ni ndogo, ya kuandikia barua na kutazamia picha. Nyingine ni kubwa, imekaa peke yake, na ndiyo ya gemu. Niliinunua kwa ajili ya hiyo kubwa. Ulipokuwa bado hospitali niliijaribu, lori likaenda bila kusita. Asubuhi ya kuondoka kwangu, ulipokuwa unaoga, niliingia kwenye mipangilio nikailazimisha gemu itumie kadi ndogo. Kisha nikapandisha ubora wa picha mpaka mwisho ili kadi ndogo ielemewe. Ilichukua dakika mbili. Nilisikia umefunga bomba, nami nikafunga laptopu.

Nilikuwa nimekuona ukipanda zile ngazi tatu za mlangoni, mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga. Nikafikiria lita elfu thelathini za petroli nyuma yako. Nilitakiwa nikuambie, baba, usirudi. Sijawahi kukukatalia kitu tangu nizaliwe. Nikaona afadhali kompyuta ikukatalie.

Ulipouliza, nilikudanganya. Ulipouliza mara ya pili, ukiwa tayari una jibu la Kamanda mkononi, nilikudanganya tena. Ulimwambia binti yako aliikagua mwenyewe. Ni kweli niliikagua. Halafu ukanishukuru. Tangu siku hiyo kila laptopu inayokuja mezani kwangu naifungua nikiwa na aibu, maana wateja wanasema maneno yale yale: wewe ndiye fundi, tunakuamini.

Fanya hivi. Chomeka chaja kwanza, kwa sababu bila umeme wa ukutani kadi kubwa hujipunguzia nguvu. Fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha Skrini, halafu shuka chini mpaka Michoro. Utaona jina la gemu kwenye orodha, na pembeni pameandikwa kuokoa umeme. Bofya hapo, chagua utendaji wa juu, hifadhi. Funga gemu, uifungue upya. Ndani ya gemu yenyewe, shusha ubora wa picha uwe wa kati. Feni itapiga kelele. Usishtuke, ndiyo dalili kwamba kadi kubwa inafanya kazi.

Ukitaka, nitamwandikia meneja mimi mwenyewe nimweleze kila kitu, ili akurudishie tangi. Sijui niombe msamaha kwa maneno gani.

Mwanao


25 Aprili

Shikamoo baba,

Sijapata jibu, na sikudai. Mama kaniambia kwenye simu kwamba uko mzima na kutwa uko kwenye laptopu. Sikumwambia kwa nini.

Mwanao


9 Mei

Binti yangu,

Hujambo? Sisi tupo. Bati limezibwa.

Nilipoisoma barua yako niliiweka laptopu juu ya kabati, ikakaa siku tisa. Sikutaka kukuandikia kwa hasira. Siku ya kumi niliishusha, nikachomeka chaja, nikafuata hatua zako moja moja. Feni ilipiga kelele. Lori likatii. Nakata, linageuka. Nakanyaga, linasimama.

Nilifurahi nusu saa hivi. Nilishatunga maneno ya kumwambia meneja, na mengine ya kukuambia wewe, ambayo hayaandikiki. Kisha nikagonga.

Nikagonga tena. Kwa kuwa sasa lori halikuwa na kisingizio, nilianza kuandika na upande niliogonga. Safari arobaini, siku kumi. Kulia, hakuna. Mbele, mara moja, na hiyo nilikuwa napiga chafya. Kushoto, mara kumi na tisa. Kwenye kadi ndogo nilikuwa nagonga kote kote, nikasema ni mwili umechoka. Zilipotoka zile za kulia, za kushoto zikabaki peke yake kwenye ukurasa.

Nikampelekea daktari daftari. Alilisoma lote. Akanikalisha mbele yake, akaniambia niitazame pua yake nisibandue macho, akachezesha vidole pembeni. Vya kulia niliviona. Nikamwambia sasa aanze vya kushoto. Akasema ameshaanza kitambo.

Macho hayana kosa. Ni kiharusi kimefuta kichwani upande wa kushoto wa kila ninachotazama, na mwenye ugonjwa huo huwa hajui kwamba kuna kinachokosekana. Herufi za ukutani zilikuwa mbele, ndiyo maana nilizisoma zote. Nusu sahani niliyokuwa naacha ni nusu ya kushoto. Siku hizi mama yako anaizungusha sahani na mimi namaliza. Na yule mtu asiyejulikana aliyevunja kioo cha pikapu ni mimi.

Tangu uondoke nimempeleka mama yako sokoni safari ishirini. Nimezihesabu. Yeye hukaa kiti cha kushoto.

Kwa hiyo usimwandikie meneja. Kwenye tangi nisingerudi hata kwa kadi kubwa, hapo ulikisia sawa. Lakini ulikisia tu. Gemu ilikuwa na uwezo wa kunionyesha mwezi wa tatu kilichonipata, nawe ukaifumba macho. Ungeniambia usoni usirudi, ningekasirika, tungegombana, ningekuita mtoto asiye na adabu. Halafu ningekusikiliza. Hilo ulikuwa hulijui, na labda mimi ndiye sikuwahi kukufanya ulijue.

Pikapu sasa anajifunza mama yako. Kamanda ndiye mwalimu wake siku ambazo hana safari. Anakata kona kama anakata kitambaa, na Kamanda anashuka kila mara akiwa amelowa jasho. Mimi hukaa nyuma. Ile habari ya kadi sijamwambia. Utamwambia wewe, kwa mdomo, hapa mezani.

Ulisema likizo yako ni mwezi wa saba. Njoo. Daktari ameniagiza nitembee kila asubuhi, na barabara ya kwetu unaijua. Utatembea kushoto kwangu. Ukiona kitu kinakuja, sema.

Baba yako